Sitakuja Kama Dada Yake

Chumba cha Nyuma,
Nyumba ya Fundi Cherehani,
Kituo cha Mwisho cha Basi.

Jumapili, tarehe kumi na nne.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Pokea salamu zangu kwanza, kabla ya mengine, maana hayo mengine huenda yakakufanya uiweke barua hii chini ukatafute maji ya kunywa. Goti lako linaendeleaje? Baba anasema siku hizi unapanda ngazi bila kushika ukuta, nami nimefurahi sana. Na yule paka wako mzee, bado anakalia kiti cha wageni? Sisi huku hatujambo. Mama anakohoa kidogo kwa sababu ya mvuke wa kazini. Baba ni mzima, amenenepa ila hataki kuambiwa. Kifaru hajambo kupita kiasi.

Ndiyo, bado tunamwita Kifaru. Lile jina lake zuri la kwenye cheti lipo, tunamwekea akue nalo. Lakini tangu ajue kutembea, anatanguliza paji la uso. Akitaka mlango ufunguliwe habishi hodi kwa mkono kama binadamu wengine. Uvimbe ukipona upande huu, mwingine unaota upande ule.

Nakuandikia kwa mkono ingawa simu ipo, kwa sababu kwenye simu ningesema "ndiyo, Shangazi" kisha nikakata. Unanijua. Shuleni wanatufundisha kwa lugha mbili, na katika zote mbili mimi ni bubu. Kwenye karatasi angalau hakuna anayenitazama mdomo.

Ujumbe wako kuhusu harusi ya binti yako tuliupata. Baba aliusoma kwa sauti tukiwa mezani: kwamba twende wote kwa treni, tufikie kwako, na mbele ya wakwe Kifaru ajulikane kuwa ni kitindamimba wa Mama, na mimi ni dada yake, kama tulivyokubaliana. Baba akaiweka simu kifudifudi. Kila mtu akaendelea kula. Mimi nilitikisa kichwa kukubali, kama kawaida yangu, nikaomba chumvi. Kama Baba alikuambia nimekubali, tafadhali kisahau kile kichwa. Jibu langu ni barua hii.

Lakini kwanza nishukuru, usije ukasema mtoto huyu hana kumbukumbu. Sijasahau ulivyokuja Kifaru alipozaliwa, ukaketi ukingoni mwa kitanda changu na viatu vyako vya safari mguuni, ukapanga kila kitu kabla hujavivua. Mama angeitwa mama yake. Mimi ningehamia shule ambako hanijui mtu. Ulinirudisha darasani wakati watu wengine walikuwa wameshanifuta. Nilishukuru, na bado nashukuru. Ila mpango ule ulikuwa wa mtoto asiyejua kusema. Huyu sasa anasema. Anasema hata akiwa usingizini.

Nikuelezee siku zetu, maana hukupata kuziona. Mama anatoka alfajiri kwenda kwenye dobi la hoteli. Mimi navaa sare, namvalisha Kifaru, yeye anavua, namvalisha tena, halafu tunapanda basi nikamwache kwa Mama, mimi niendelee shule. Pale kazini anakaa kwenye kapu kubwa la mashuka, lile lenye magurudumu, kama waziri anayekagua mradi. Msimamizi hataki watoto, lakini Kifaru humpa shikamoo kila akipita, hata akipita mara nne kwa mfululizo, na mtu mzima hawezi kumfukuza aliyemwamkia. Shikamoo ameijua mwezi huu. Anampa kila mtu, na mbwa, na pipa la taka. Wafanyakazi wote pale wanamwita Mama "Mama Kifaru", naye huitika.

Jioni nampitia, tunarudi. Na hapa, Shangazi, nikuambie siri ambayo hata Mama hajui. Kabla ya Kifaru kujua kusema, nilikuwa napitishwa kituo changu karibu kila siku. Kumwambia kondakta "shusha" mbele ya watu wote wale kulinishinda. Nilingoja mwingine ashuke, nikashuka naye popote pale, nikarudi kwa miguu huku mtoto akinilalia begani. Siku hizi Kifaru ndiye anayetushusha. Anasimama juu ya kiti, anapaza sauti, "Shushaaa!", na basi zima linacheka, na mimi nashuka kichwa chini kama mtu anayemsindikiza mheshimiwa. Tatizo ni kwamba kwake yeye kila kituo ni chetu.

Kondakta huniita dada. Mwenye duka huniita dada. Na huyu niliyemzaa mwenyewe, kama tulivyomfundisha, huniita dada. Nilishazoea. Nilidhani nimezoea.

Alhamisi ya wiki iliyopita tulikuwa tunarudi. Kesho yake nilikuwa na mtihani wa kemia, nimefungua daftari mapajani. Kifaru amekaa pembeni yangu, na upande wa pili wa njia alikaa mama mmoja muuza machungwa na kikapu chake. Alikuwa amempa Kifaru chungwa moja alishike. Tulipofika kituo cha soko, Kifaru akapiga "shusha" yake. Sikuinua hata macho. Basi likasimama, watu wakainuka, yule mama akachukua kikapu chake, akamwomba mtoto chungwa lake, na nadhani Kifaru hakuwa tayari kuachana nalo. Likishuka, na yeye anashuka. Mlango ukafungwa, gari likaondoka. Nilipogeuka, kwenye kiti palikuwa na kiatu kimoja.

Nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Shangazi, maisha yangu yote nimeishi na aibu hii nikiiona kama rangi ya ngozi, kitu cha kuzaliwa nacho. Siku ile niliichukia. Basi lilikuwa linachanganya mwendo. Kisha sauti ikatoka, na ilipotoka sikuitambua kuwa ni yangu.

"Simamisha gari. Mtoto wangu ameshuka."

Kondakta akanitazama. "Dada, si ulisema ni mdogo wako?"

"Ni mwanangu. Nimemzaa mimi. Simamisha gari."

Kwenye viti vya nyuma walikuwepo wasichana wawili wa darasani kwetu, niliwaona wakiacha kutafuna. Mzee mmoja akampigia dereva kelele, "We, huna masikio? Mama anasema mwanawe ameshuka." Ndiyo mara ya kwanza mtu kuniita hivyo, na nilikuwa nakimbilia mlangoni, sikupata nafasi ya kuisikia vizuri. Nimeisikia baadaye, kila siku.

Nilikimbia kurudi nyuma na kiatu mkononi. Nikamkuta pembeni mwa barabara, mguu mmoja mtupu, anakula chungwa. Yule mama alikuwa amemshika mkono kwa nguvu. Nikanyoosha mikono nimchukue. Akamvuta nyuma yake.

"Wewe nani?"

"Mama yake."

Akaniangalia kuanzia soksi za shule mpaka kola. Akamwinamia mtoto. "Mwanangu, mama yako yuko wapi?"

"Kazini," akasema Kifaru, mdomo umejaa.

"Na huyu?"

"Dada."

Alijibu vizuri kabisa, bila kukosea, kama tulivyomfundisha.

"Umemsikia mwenyewe," yule mama akaniambia. "Hapa sokoni nimeona mengi. Watoto wanachukuliwa na watu wenye sura za upole kuliko yako. Tutamsubiri mama yake hapahapa."

Sina kinyongo naye, Shangazi, hata kidogo. Ningekuwa mimi ningefanya vilevile. Mtu baki alisimama kumlinda mwanangu nisimwibe, na aliyempa sababu ni sisi, nyumbani, kwa mpango wetu wenye nia njema. Nilisema yote niliyoyajua. Kwamba ana kovu chini ya kidevu alilolipata kwenye ndoo. Kwamba ugonjwa wake ni masikio, huanzia la kushoto. Kwamba halali mpaka ashike sikio la mtu, na mtu huyo ni mimi. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mtu nisiyemjua. Kondakta naye akawa amefika, anahema.

"Mama, mpe mtoto wake. Mimi mdogo wangu akipotea nitahangaika, lakini yowe lile siwezi kulipiga. Abiria wangu mmoja amemwaga maziwa."

Yule mama akawa bado anafikiri. Kifaru ndiye aliyechoka na mkutano. Akamaliza chungwa, akainua mikono kwangu, nikambeba, akashika sikio langu kwa vidole vinavyonata.

Mama yule akamwachia. Ila kabla sijaondoka akasema, "Mtoto hamjui mama yake. Mnacheza mchezo gani huko kwenu?"

Jibu nimelitafuta siku zote hizi na bado sina, labda wewe unalo.

Nyumbani nilimweleza Mama. Alikuwa anakunja shuka letu, maana hata akitoka kazini mikono yake haijui kupumzika. Akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Akasema, "Hata mimi nimechoka kuitwa mama na mtoto ambaye kila akilia nampeleka kwako. Mfundishe. Lakini Shangazi yako utamwambia mwenyewe. Mimi wifi yangu simwezi." Basi ndiyo mimi huyu nakuambia. Baba aliongeza sauti ya redio, akasema yeye hakusikia kitu na asiingizwe kwenye kesi na dada yake. Lakini asubuhi, Kifaru alipomfuata akitaka kufungwa kiatu, alimwambia, "Nenda kwa mama yako," akaelekeza kwangu kwa mswaki, bila kunitazama.

Shuleni habari ilifika kabla yangu. Nilikuta nepi juu ya dawati langu, imetandazwa vizuri, na darasa zima linasubiri nilie. Ilikuwa mpya na safi. Nikaikunja kama Mama anavyokunja mashuka, nikaitia mkobani, nikatoa kalamu. Jioni ile Kifaru aliivaa, ikamtosha. Mwalimu wa darasa aliniita akaniuliza kama yanayosemwa ni kweli. Nikasema ni kweli. Akauliza kemia imekwendaje. Nikasema imekwenda vizuri. Akaniambia nirudi darasani. Huenda yakafuata mengine. Yakija yatanikuta palepale, kiti cha pili kutoka dirishani.

Kifaru mwenyewe anadhani ni mchezo. Tukimwita Mama "Bibi" anacheka mpaka anakaa chini. Mimi huniita Mama akitaka kitu, na Dada akinikasirikia. Kwenye basi anawatangazia watu, "Huyu mama yangu," ananionyesha mimi, halafu anamwonyesha dereva, halafu mwanamke yeyote mwenye kofia. Sina haraka. Kila akinyoosha kile kidole, huanzia kwangu.

Sasa kuhusu harusi. Nataka kuja, Shangazi. Nataka kumwona binti yako akiwa bibi harusi, alinifundisha kusuka nywele na hakunicheka nilipokosea. Lakini sitakuja kama dada yake Kifaru. Wakwe wakiuliza huyu mtoto ni wa nani, nitajibu mimi, kwa mdomo wangu, na kama sauti itagoma mara ya kwanza watanisubiri. Kitindamimba wa Mama ni mimi, nafasi hiyo haijaachwa wazi. Ukiona hilo litakuharibia shughuli, niandikie wazi nisije, nami sitakuja, na sitamwacha yeye aje bila mimi. Nitaumia, sitakudanganya. Lakini hutanikuta nimetikisa kichwa tena.

Na kama utatupokea, usihangaike na kitanda cha pili, yeye hulala na sikio langu mkononi. Ficha tu kila kilicho cha vioo chini ya usawa wa paji lake. Halafu anza kujizoeza kuitika "Bibi", maana wewe ni bibi yake pia, na tumekunyima jina hilo tangu azaliwe. Najua unajiona bado kijana. Utazoea.

Mama anakusalimu, anasema kikohozi si kitu. Baba anakusalimu, na anasema yeye hajui barua hii inasema nini, ingawa ndiye aliyeninunulia bahasha. Msalimie mzee wako na redio yake, msalimie bibi harusi na mwambie mikono yangu sasa inasuka bila kukosea, msalimie jirani yako mshona mapazia, na paka kama atasikia. Mungu akulinde, akutie nguvu kwenye goti, na akupe moyo wa kuisoma barua hii mara ya pili, hasira ikishapoa.

Pale dobi kumebadilika kitu kimoja, nilitaka nikimalizie. Juzi msimamizi alimwita Mama kwa lile jina, kama kawaida. Mama aliendelea kupiga pasi. Akaita tena. Mama akamjibu bila kugeuka, "Mwenye jina yuko shule, atakuja jioni."

Ni mimi nikupendaye, hata ukinikasirikia,

Mama Kifaru.