Mama na Gari Kwenye Waya Mmoja

Jumamosi, 6 Desemba
Nimegusa tena ukuta wa korido, pale chini ya swichi kubwa. Wa moto. Mume wangu, Baba Neema, anasema mkono wangu ndio wenye homa. Gari letu la umeme lilikuwa nje linachaji, taa za sebuleni zikafifia, mashine ya oksijeni ya mama mkwe wangu ikaanza kupiga kelele. Umeme haukuitosha. Nikakimbia kuchomoa gari kwanza, ndipo nikaenda kumwangalia mgonjwa. Ndivyo tunavyoishi hapa Moshono, Arusha, tangu kisanduku cha kuchajia kifungwe ukutani.

Jumatatu, 8 Desemba
Fundi umeme aliyekifunga kisanduku amepita kuchukua ngazi yake. Nimembana. Kumbe kisanduku hakisukumi umeme. Kinaliambia tu gari: mwisho wako ni hapa. Gari linachota mpaka hapo. Kisanduku ni kama mama mwenye upawa mezani. Ndani kuna kitufe cha kuzungusha, na aliyetaka kizungushwe mpaka mwisho, ampea thelathini na mbili, ni mume wangu. Nyumba hii ilifungwa nyaya za taa, pasi na friji. Fundi alimwambia. Akajibiwa kwamba gari halikununuliwa lilale na njaa.

Nikasema kipunguzwe leo leo. Fundi akasema hafungui bila ruhusa ya mwenye nyumba. Na mimi ni nani, mpangaji? Nimekasirika mpaka nimeunguza maharage.

Jumanne, 9 Desemba
Nimemweleza Baba Neema. Hataki. Anauza viwanja Kisongo, mchana kutwa anazungusha wateja, jioni anarudi betri ikiwa tupu. Tukipunguza, asubuhi itakuwa haijajaa. Halafu Krismasi hiyo inakuja. Mchaga na Krismasi! Lazima tupande Marangu kwa gari hili hili, kaka zake walione. Walimcheka alipolinunua. Walisema akifika mlimani atafute ng'ombe wa kulivuta.

Tumekubaliana hivi: gari lichaji wakati Mama yuko macho na hana mashine. Daktari alisema awe nayo akilala, na mchana akijilaza. Nimekubali shingo upande. Mama alikuwa amekaa pale pale sebuleni, anasikia yote.

Jumapili, 14 Desemba
Ajabu. Gari linajaa. Mashine hailii. Baba Neema anafuta vioo huku anapiga mluzi. Mama anasema amepata nafuu, mashine haihitaji sana siku hizi. Anazungumzia migomba yake ya Marangu, nani ataipalilia, nani atachinja Krismasi. Nimefurahi mpaka tulipotoka kanisani. Kisha wasiwasi ukarudi. Miguu yake imevimba. Anaanza neno, pumzi inamwishia katikati.

Nimemuuliza kama analala na mashine. Akasema, "Mama Neema, unanichunga kama kuku."

Jumatano, 17 Desemba
Siku ya soko Tengeru. Nilipeleka miche yangu ya parachichi, nikaiacha kwa jirani, nikarudi kabla ya mchana. Sikuitwa na mtu. Moyo tu.

Baba Neema alikuwa amekuja kula na amechomeka gari. Nikapitiliza chumbani kwa Mama. Amelala. Mashine kimya. Midomo ya zambarau. Mkono wake bado uko kwenye swichi.

Nilipiga kelele gari lichomolewe. Nikawasha mashine. Nikamvalisha mpira wa hewa puani. Rangi ikarudi polepole mno. Jambo la kwanza alilosema: "Mmelichomolea nini? Liacheni lishibe. Nataka nifike nyumbani nikiwa hai, sio kupelekwa."

Amekuwa akiizima kila akisikia gari linarudi, ili tudhani haihitaji. Wiki nzima. Na sisi tukashangilia betri.

Baba Neema alikuwa mlangoni. Kijiko bado mkononi. Tumempeleka Mama hospitali kwa gari hilo hilo, wamempima, jioni wameturuhusu turudi. Nimemchukia mume wangu leo. Nimejichukia na mimi.

Alhamisi, 18 Desemba
Fundi amekuja asubuhi. Ameitwa na Baba Neema mwenyewe. Kitufe kimerudishwa mpaka ampea kumi. Mashine imevutiwa waya wake peke yake. Tumejaribu vyote pamoja: gari, mashine, taa. Hakuna kilichofifia. Fundi amesema gari sasa litajaa kwa uvumilivu. Baba Neema amewapigia wateja, viwanja vingoje mpaka Januari. Gari limesimama uani linachota kidogo kidogo.

Nimegusa ukuta. Wa baridi. Bado naogopa. Waya siuogopi tena, naogopa mkono wa Mama.

Jumatatu, 22 Desemba
Kila mtu keshapanda kwao kwa Krismasi. Mtaa mtupu. Mama anauliza asubuhi na jioni betri ya gari imefika wapi. Nalala chumbani kwake, kwenye godoro chini.

Alhamisi, 25 Desemba. Marangu
Tulifika jana. Njiani Mama alikuwa na mtungi mdogo wa oksijeni, wa kukodi. Kaka zake Baba Neema walicheka kidogo, kisha wakaomba kuendesha.

Nyaya za nyumba hii ni za zamani kuliko ndoa yangu. Baba Neema alichomeka mashine kwanza. Kisha gari, kwa waya wa safari, ampea sita, chini ya hapo haushuki.

Baada ya ibada Mama alijilaza. Akauliza kama gari limeshiba.

"Bado, Mama."

Mkono wake ukaenda kwenye swichi ya mashine. Nikasimama. Baba Neema hakubishana naye. Alitoka nje, akachomoa gari, akarudi na waya wote mikononi, akauweka kitandani miguuni pa Mama. Mama akautazama. Mkono ukarudi chini ya blanketi.

Amelala sasa, waya wa gari bado uko miguuni pake. Mashine inanguruma. Shemeji wameuliza tunarudi lini Arusha. Tumesema hatujui.