Shimo Shambani kwa Mama Paulina

Shikamoo Mama,

Nipo Gitting, chini ya Mlima Hanang, na baridi ya huku imenivalisha masweta mawili. Jana mimi na watafiti wenzangu tuliomba kufukia kifaa cha kupima mitetemo shambani kwa Mama Paulina, mjane ambaye nyumba yake ilisombwa na tope lililoshuka mlimani. Akakataa. "Mtauamsha mlima."

Nikamweleza kwamba kinasikiliza tu, ili tujue kama chini ya mlima bado kuna mwamba ulioyeyuka wa volkano.

"Mkiukuta, mtakuja kuniambia, au mtaandika tu huko kwenu?"

"Nitakuja mwenyewe."

Akaniuliza jina langu, akachukua jembe, akachimba shimo kwa mikono yake. Kisha akatupa ugali na maziwa mgando. Nitarudi kwake, Mama, hata kama jibu ni baya.

Ujifunike vizuri, na umsalimie sana Baba.

Mwanao, Neema