Kijiko Kimoja cha Oili

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Bibi yako goti bado linamsumbua, lakini mpunga tumevuna. Unasema injini mliyoifanyia ovaholi, mkaifungua na kuifunga upya, imepoteza kompresheni ghafla, haigandamizi tena hewa kwenye silinda, na unataka kumfukuza mwenzako aliyefunga ringi.

Magari ya mitumba yalipoanza kumiminika Mwanza, tajiri mmoja wa samaki alituletea gari la mashindano. Masanja, fundi mwenzangu, alifunga pistoni na ringi zake za kuzuia hewa isivuje. Mimi nikafunga hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, na kurekebisha valvu zake. Siku ya tatu, tukilijaribu barabara ya Kisesa, injini ikaishiwa nguvu. Mbele ya mwenye gari nikasema, "Ni ringi za Masanja."

"Kaka, tia kwanza oili kwenye silinda tupime," akasema. "Oili huziba panapovuja kwenye ringi; kompresheni ikipanda, kosa ni langu."

Nikamwambia akusanye spana zake.

Alipoondoka ndipo nikatia kijiko kimoja. Kompresheni haikupanda hata kidogo. Nikafungua hedi: valvu moja imeungua, maana niliibana mno, ikawa haifungi vizuri. Ringi zilikuwa safi. Nikabadilisha valvu, nikamrudishia tajiri gari lake.

Mwaka uliofuata nilijikaza, nikaenda kwao Misungwi kumwomba radhi. Mama yake akanipa kiti. Akasema mwanawe alikataliwa kila gereji mjini, ikisemwa ameua injini ya tajiri, akaenda machimboni, shimo likamfukia.

"Ndiye wewe kaka yake wa gereji?" akaniuliza. "Alikusifu sana."

Nikaitikia ndiyo, nikanywa uji wake.

Neema, tia hiyo oili leo, mwenzako akiwa amesimama hapo.

Babu yako