Salamu za Mkono, Kalemie

Dada Zena,

Kwa heshima zote naitangazia familia kwamba mdogo wako sasa anakula ugali wa muhogo pamoja na wenzake wa ofisini.

Tangu nifike, kila asubuhi nilikuwa nikirusha "habari zenu" moja kwa chumba kizima, kisha nakaa. Mchana nilikula peke yangu, nikidhani wana maringo. Jana Mama Honorine wa mapokezi akanisimamia mezani: "Papa Juma, tulikukosea nini? Huku muntu anapatia kila mwenzake mukono. Weye unatusalimia kwa jumla kama kundi la mbuzi!"

Leo asubuhi nikapita meza kwa meza. Wanaume wa huku hugusana vipaji vya uso, nami kwa pupa nikamgonga mhasibu, miwani yake ikaruka. Wote wakaangua kicheko.

Nakuombea afya, na goti lako lipoe. Nilitaka kukuandikia kwamba nami nilicheka. Ukweli ni kwamba Mama Honorine aliushika mkono wangu, akauliza, "Na kwenu, wote ni wazima?" Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikafungua mdomo nikutaje wewe, machozi yakatangulia. Mchana akanivutia kiti mezani kwao, akanisogezea samaki.

Juma