Unalima, Abdala!

Mbaraka, ndugu yangu,

Nimechoka. Mikono imevimba, mke wangu amenikanda kwa maji ya chumvi na kuniambia nikajinyooshe. Nitajinyoosha nikishakusimulia, maana huku hakuna mwingine atakayeelewa.

Tangu tukuzike mambo yamegeuka. Wazungu wa shamba la mkonge walipanda treni pale Kilosa, hawakurudi. Klabu yao ni ghala la mahindi, na uwanja wa gofu umekuwa shamba la kijiji. Wanakijiji tulilima kuanzia relini, ikabaki grini yako tu, zile nyasi fupi za kuzunguka shimo la mwisho, ulizozikata na kuzimwagilia mpaka kifua kilipokushinda.

Unazikumbuka Jumapili zetu baada ya Uhuru, waliporuhusu na sisi wafanyakazi tucheze? Kupiga mbali nilikushinda. Lakini tukikaribia shimo, ukinipa kile chuma kifupi cha kupigia mpira, namba tisa, naumbuka. Nafukua udongo kwanza, mpira unabaki palepale unanitazama. Nawe unacheka mpaka unakaa chini: "Unalima, Abdala!" Nilikuwa nakasirika kweli, ujue. Ukanifundisha niegemee mguu wa kushoto, mikono itangulie, niuguse mpira kabla ya nyasi. "Usiuchote kama maji. Uso wa chuma umelala, utauinua wenyewe." Naitikia ndiyo, kisha nalima tena.

Ulipofariki nilikichukua kile chuma. Jioni nikitoka kukata mkonge nilikwenda pale peke yangu. Hamu ya mchezo sikuwa nayo. Nilikuwa nakutafuta wewe. Taratibu mikono ikajifunza. Nikaanza kuusikia ule mlio mdogo, mkavu, uliokuwa ukiupenda, na mpira ukashuka karibu na shimo, ukatulia. Niligeuka nikuonyeshe. Hakuna mtu.

Juzi mkutano wa kijiji ukaamua grini nayo ilimwe, tupande mahindi kabla ya mvua. Nilinyoosha mkono kuomba waiache. Mwenyekiti akaniuliza, kwa upole kabisa, kama watoto watakula nyasi. Nina wajukuu mimi. Nikaushusha mkono.

Leo asubuhi tulijipanga na majembe. Kwa kuwa mahali pale nimepazoea, wakasema nianze mimi. Mbaraka, mikono ilikataa. Jembe lilishuka likaparaza nyasi juujuu, udongo haukufukuka hata kidogo. Nikarudia, vilevile. Kutazama chini, mguu wa kushoto ndio umebeba mzigo wote! Mwenyekiti akapaza sauti: "Ndugu Abdala, mbona hulimi?"

Nilicheka. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakaendelea. Watu walidhani ni jua. Nilikutaka wewe uyasikie maneno yale, wewe tu. Miaka yote ile nilikuwa nalima nisipotakiwa, na siku ya kutakiwa nimeshindwa.

Baadaye nililima. Kabla ya adhuhuri tulikuwa tumemaliza, na shimo sikuliona tena lilipokuwa.

Pumzika, ndugu yangu, Mungu akupe nafasi pana huko uliko. Ijumaa nitakuja kukusomea Yasini na kulisafisha kaburi. Nyasi zake nitazikata fupi, kama ulivyozipenda, na nitazitunza maadamu nina nguvu.

Jembe sitaleta.

Abdala