Jina la Baba Peris

Matulo, 4 Mei 2025

Mwanangu Peris,

Pokea salamu za nyumbani. Mimi sijambo, ni goti tu linanisumbua. Hillary kaka yako yuko shambani, anapalilia mahindi. Mtoto je? Maziwa yanatosha? Kunywa uji, usione haya kuomba kikombe cha pili.

Nina ombi. Tangu tumzike baba yako Januari, nawaza jina lake litakwenda wapi. Mtoto wako ndiye wa kwanza kuzaliwa baada yake. Kwetu lisingekuwa hata neno la kujadili, lakini umeolewa kwa kina Kipkorir, nao wana desturi yao ya kumwitia mtoto majina. Waombe. Mtu aliyekuwa akilima shamba la mjane kabla ya lake asipotee hivi hivi.

Mama yako

Kitale, 11 Mei

Mama mpendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa goti. Sisi wazima. Mtoto ananyonya kama anayeshindana na mtu.

Nimesoma barua yako nikalia. Namkumbuka akinipeleka shule kwa baiskeli, mvua inanyesha, koti amenivika mimi, yeye analowa na bado anaimba. Lakini kuomba naogopa. Baba mkwe alifariki mwaka juzi na hajapata mjukuu wa kuchukua jina lake. Nikidai la kwetu, si mama mkwe ataona nashindana na marehemu wake? Jumamosi hii ndiyo siku ya kumpa mtoto jina. Usinikasirikie.

Binti yako, Peris

Kitale, 18 Mei

Mama,

Natumai goti limepoa. Sisi tuko salama. Keti kwanza ndipo usome.

Jana walimpaka mtoto ugoro kidogo puani, mama mkwe akawa anaita majina ya marehemu wao. Mtoto akipiga chafya, amekubali jina. Alianza na la mume wake, yakafuata ya wazee wengine. Mtoto akalala. Ndipo akanigeukia, akaniuliza baba yangu aliitwa nani. Nikasema Wepukhulu. Akaliita. Mtoto hata hakutikisika, lakini ugoro ulikuwa umempanda mama mkwe mwenyewe, akapiga chafya ya kutetemesha madirisha. Akajifuta, akasema, "Nani alisema lazima chafya iwe ya mtoto? Huyu ni Wepukhulu. Mzee wangu atangoja wa pili, hata akiwa hai hakuwa na haraka."

Nilimfuata jikoni kumshukuru. Akaniuliza kama namkumbuka yule ng'ombe wa mahari mwenye paji jeupe. Mama, baba hakumpeleka kwa rafiki kama alivyokuambia. Alimrudisha hapa, kwa sababu kati ya ng'ombe wao ndiye pekee aliyekuwa na maziwa na shemeji zangu walikuwa wadogo. Ili wasione aibu aliwaambia, "Huyu ni wangu, nitunzieni tu. Maziwa kunyweni nyinyi." Hakurudi kumchukua.

Njoo umwone mjukuu.

Binti yako, Peris

Matulo, 21 Mei

Mwanangu Peris,

Salamu kwako, kwa Kipkorir, na kwa mama mkwe wako zaidi ya wote. Mwambie chafya yake imesikika mpaka Matulo.

Kwa ajili ya huyo ng'ombe nilimnunia baba yako msimu mzima. Angekuwepo ningemgombeza upya, kisha nimchinjie kuku. Namshukuru Mungu kwa mume niliyepewa na kwa watu waliokuoa.

Nitakuja Ijumaa na Hillary. Lakini kuna jambo linanichekesha na kunitoa machozi. Kwetu mke hamwiti mumewe kwa jina. Nilisema Baba Peris miaka yote, hata kaburini. Sasa nitampakata huyu, nimwogeshe, nimwite. Leo nimejaribu nikiwa peke yangu, nikajikuta nimesema Baba Peris. Nimejaribu tena.

Wepukhulu. Wepukhulu, nyanya yako anakuja.

Mama yako