Damu Aliyoijia Mathew

Mkwaja, Pangani,
Jumapili, 22 Juni 2025.

Mpendwa Shangazi Mwanakhamis,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Mzee Soud na watoto hawajambo huko Wete? Sisi huku tunapumua, lakini siwezi kusema tu wazima.

Najua kaka Abass yuko kwako. Najua pia hajakueleza yote, maana kuna jambo hata yeye halijui, na kosa lake ni langu.

Dada Nasra alijifungua mtoto wa kiume siku ya pili ya Idi. Baada ya siku tatu homa ikampanda, akaweweseka, mikono ikawa baridi kama samaki wa kwenye barafu. Baba akamkimbiza hospitali Tanga. Mpaka leo yuko chumba cha wagonjwa mahututi.

Jumapili iliyopita baba alinipigia simu. Alisema kesho yake angekuja nesi anayeitwa Mathew kuchukua damu kidogo kwangu na kwa Abass, kwa ajili ya utafiti wa ugonjwa wa Nasra, na kwamba nimwambie kaka.

Abass alikuwa barazani na wenzake wanacheza dhumna. Unanijua, shangazi. Nikipita mbele ya wanaume wale sijui hata mikono niiweke wapi. Nikaandika kwenye karatasi, nikaitia mfukoni mwa shati lake. Shule aliiacha darasa la tatu, kusoma hawezi, na nilikuwa najua.

Mathew alikuja na pikipiki na kiboksi cha barafu. Akaanza na mimi. Alikuwa amejaza kichupa cha tatu Abass alipoingia kutokea uani, akaiona sindano imenichoma mkononi.

"Mumiani! Anamnyonya mdogo wangu!"

Akanyakua mchi wa kinu. Mkono wa Mathew ulivunjika kwa mlio wa kuni kavu, mfupa ukatokeza nje.

"Mimi nesi, kaka! Muulize mwenyewe!"

Abass akanigeukia. "Khairiya, unamjua huyu?"

Sauti haikutoka, shangazi. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Akampiga tena.

Ukelele ukaenda nyumba kwa nyumba. Walikuja na mawe na marungu, wakamburuta hadi nje, wakampiga mateke ya uso mpaka meno yakabaki mchangani. Vichupa vyangu vilikanyagwa. Badru, mmoja wa wale wacheza dhumna, alifungua tangi la pikipiki akammwagia petroli. Ndipo Uweso muuza mihogo akajilaza juu yake: "Haya, nichomeni na mimi! Kesho mihogo mtakula kwa nani?" Wakasita. Polisi walipofika, Abass alishakimbia. Wakamkuta Uweso ananuka petroli, kalowa damu, wakamchukua yeye.

Alhamisi nilikwenda kumwona Nasra. Kitanda kinachofuata chake amelazwa Mathew. Kidonda cha mkono kimeingiza vidudu kwenye damu, ugonjwa uleule wa Nasra. Daktari alinichorea mshipa kwenye daftari langu. Seli zilizotanda ndani ya mshipa hupeana ishara za kujihami. Ishara zikizidi, mishipa hulegea, inavuja, presha inaanguka, figo zinakosa damu. Wagonjwa wengi, alisema, huumizwa na mwili wao wenyewe kuliko vidudu. Wanazitafuta ishara hizo wazijue mapema, ndiyo maana wanalinganisha damu ya mgonjwa na ya ndugu yake mzima. Nilimpa mkono wangu, akajaza vichupa vyote.

Nasra ameanza kukojoa, amemtaja mwanawe. Mathew bado hajui kama ni mchana au usiku. Mama yake amekuja kutoka Maramba. Aliniuliza mimi ni nani, nikamwambia.

Jana nilikwenda kituoni. Nilisimama mbele ya meza, nikataja jina la kaka yangu, kisha nikasimulia habari ya karatasi. Uweso wamemwachia. Shavu lake limevimba.

Shangazi, nakuomba umwambie Abass aje mwenyewe kabla hawajamfuata. Nitaingia naye kituoni, na akiulizwa kwa nini alipiga, nitasema mimi. Barua hii anakuletea kijana anayeitwa Msafiri. Usimpe Abass mkononi wala usimwekee popote. Mkalishe, umsomee kwa sauti, tangu mwanzo.

Nisalimie Mzee Soud na watoto, Zubeiri na Sele mdogo. Mwenyezi Mungu awakinge na shari, na amwinue Mathew.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye,
Khairiya